Ubelgiji: Je, mwezi huwapoteza njia njiwa wa mbio?

Kuanzia Aprili hadi Septemba, karibu kila mwisho wa juma, malori yaliyosheheni vikapu vya njiwa huegeshwa alfajiri kwenye viwanja vya wazi nchini Ufaransa, yakisubiri kupambazuke. Ndani ya vikapu hivyo mna maelfu ya ndege waliosafirishwa usiku kutoka Ubelgiji. Hewa ikiwa shwari na mbingu zikiwa safi, milango hufunguliwa yote kwa pamoja. Kundi zima hupaa, likazunguka kidogo, kisha likashika njia ya kaskazini, kila ndege akikielekea kizimba alichokulia.

Huko Ubelgiji wafugaji huketi uani, macho yakiwa juu. Wengi wa njiwa hurejea kwa saa iliyotarajiwa. Lakini zipo siku ambazo anga hubaki tupu. Saa hupita, giza huingia, na vizimba vilivyotoka ndege kumi hurejewa na watatu. Siku kama hizo ndipo linapozuka swali la zamani: mwezi ulikuwa wa namna gani?

Kuna wafugaji wanaotazama kalenda ya mwezi kabla ya kutazama utabiri wa hali ya hewa. Wapo wanaosema njiwa wasipelekwe mazoezini mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa hawakulala vizuri. Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba siku mbaya ni zile za kiza, kabla ya mwezi kuandama. Makala haya yanaeleza sayansi inasema nini juu ya jambo hilo, na kwa nini jibu lake lina uzito kwa anayewaachilia ndege wake angani.

Mchezo uliozaliwa vijijini

Mbio za njiwa kama zijulikanavyo leo zilishika mizizi Ubelgiji katika karne ya 19, na kutoka huko zikaenea Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na kwingineko. Kwa miaka mingi ulikuwa mchezo wa wachimba migodi, wafumaji na wakulima wadogo. Katika bonde la Ruhr nchini Ujerumani, njiwa aliitwa farasi wa mbio wa mtu mdogo: asiyeweza kumiliki farasi aliweza kufuga njiwa darini.

Idadi ya wafugaji imepungua tangu enzi hizo, lakini fedha zimeongezeka. Mwezi Novemba 2020, njiwa jike wa Kibelgiji aitwaye New Kim, mwenye umri wa miaka miwili, aliuzwa mnadani kwa euro milioni 1.6. Mwaka mmoja kabla yake, dume aitwaye Armando alikuwa ameuzwa kwa euro milioni 1.25. Wengi wa wafugaji hawatagusa fedha za namna hiyo maishani mwao. Hata hivyo bei hizo zinaonyesha kwa nini kila sababu ya ushindi na kila sababu ya upotevu huchunguzwa kwa makini, na kwa nini wauzaji wa siri za mafanikio hawakosi wateja.

Mazoezi yenyewe hufuata utaratibu unaoeleweka. Kinda akishajua kuruka hufunguliwa azunguke juu ya kizimba na kulijua eneo lake. Kisha hupelekwa kilomita tano, kumi, ishirini, hadi azoee safari ndefu. Katika mbio, mshindi si lazima awe aliyefika wa kwanza, maana vizimba haviko umbali mmoja kutoka mahali pa kuachiliwa. Umbali wa kila kizimba hugawanywa kwa muda ambao ndege wake ametumia, na mwenye mita nyingi zaidi kwa dakika ndiye anayetwaa zawadi. Katika hewa tulivu, kasi ya mita 1,200 kwa dakika, yaani kilomita 72 kwa saa, si jambo la ajabu.

Njiwa huijuaje njia ya nyumbani?

Ili kujua kama mwezi una nafasi katika safari hiyo, sharti kwanza tujue njiwa hutegemea nini.

Kwanza ni jua. Mwaka 1958 mtafiti wa Kijerumani Klaus Schmidt-Koenig alieleza majaribio ambayo tangu wakati huo yamerudiwa mara nyingi. Njiwa walifungiwa katika chumba ambamo taa ziliwashwa na kuzimwa saa sita mbele au nyuma ya mchana wa kweli. Saa ya mwilini mwao ikahama. Walipoachiliwa siku ya jua kali, walikosea mwelekeo kwa takriban nyuzi 90. Hesabu inakubali: jua huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa, na saa sita ni nyuzi 90. Njiwa basi hulitumia jua kama dira, lakini dira hiyo inahitaji saa.

Pili ni usumaku wa dunia. Mwaka 1971 William Keeton wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca nchini Marekani, alieleza jinsi alivyowafunga njiwa vipande vidogo vya sumaku mgongoni. Jua lilipowaka, njiwa wazoefu hawakusumbuka. Mawingu yalipofunika anga, walipotea mwelekeo. Maana yake ni kwamba jua likikosekana, ndege hutafuta msaada kwingine, na sumaku zile zilikuwa zimeuvuruga msaada huo.

Tatu ni harufu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Floriano Papi na wenzake katika mji wa Pisa nchini Italia walionyesha kwamba njiwa asiyeweza kunusa hupata shida kubwa ya kurejea kutoka mahali asipopajua. Nne ni macho. Vifaa vidogo vya GPS vilivyofungwa mgongoni mwa njiwa vilionyesha, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004, kwamba ndege anayelijua eneo hufuata barabara kuu, na hata kukata kona penye makutano.

Katika orodha hii mwezi haumo. Njiwa wa mbio ni uzao wa njiwa wa majabali, ndege wa mchana anayerudi kiotani jua linapotua. Zaidi ya hayo, mwezi ni dira ngumu. Kila siku huchomoza wastani wa dakika 50 baada ya saa ya jana yake, na kuna siku hauonekani kabisa. Atakayeutumia lazima awe na saa ya pili mwilini, tofauti na ile ya jua. Viumbe wenye uwezo huo wapo. Mwaka 1953 Papi huyu huyu, akiwa na Leo Pardi, alieleza kwamba vijidudu vya fukweni vya jamaa ya kamba na kaa, wanaotembea usiku kwenye mchanga, huutumia mwezi kuijua njia ya kurudi majini. Lakini hao ni viumbe wa usiku. Njiwa sivyo.

Utafiti mmoja uliolifungua swali

Hata hivyo, asemaye kwamba wanasayansi hawajaona kamwe alama ya mwezi kwa njiwa atakuwa hajasema kweli yote. Alama hiyo iliwahi kuonekana, na aliyeiona ni Keeton.

Huko Ithaca, yeye na wenzake walikuwa na desturi ya kuwaachilia njiwa wale wale mahali pale pale, siku baada ya siku. Kila ndege alifuatwa kwa darubini hadi akatoweka machoni, na mwelekeo aliotowekea ukaandikwa. Waligundua kwamba mwelekeo huo haukuwa mmoja kila siku. Kundi lote lingeweza kuelemea kidogo kulia leo, na kushoto kesho. Mwaka 1974 walieleza kwamba sehemu ya mabadiliko hayo ilifuatana na misukosuko midogo ya kawaida ya usumaku wa dunia, ile isiyofika nanotesla 100.

Kisha mwaka 1978 Keeton na mwenzake Larkin wakachapisha ripoti nyingine. Humo walionyesha kwamba mwelekeo wa kuondoka ulielekea kupanda na kushuka pamoja na siku za mwezi mwandamo. Waliuchagua msamiati wao kwa tahadhari: katika kichwa cha ripoti waliuita mwenendo huo kuwa ni wa mwezi kwa jinsi ulivyoonekana, wala hawakusema ndivyo ulivyo. Keeton alifariki dunia mwaka 1980, akiwa bado katika umri wa kazi.

Ripoti hiyo ndiyo inayotajwa mara kwa mara na wanaoamini nguvu za mwezi. Lakini yafaa kuisoma kwa yale iliyosema. Ilihusu upande ambao njiwa aliutazama dakika za kwanza baada ya kuachiliwa. Haikusema kwamba njiwa hupotea mwezi ukiwa mpevu, wala kwamba hufika kwa kuchelewa. Ndege anaweza kuanza safari akiwa ameelemea nyuzi chache pembeni, akajirekebisha njiani, na akafika nyumbani salama. Kati ya kuelemea huko na kizimba kitupu pana umbali mrefu.

Mwezi una uwezo gani hasa?

Tuupime mwezi kwa nguvu zake tatu: mvutano, mwanga na usumaku.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa kwamba mwezi huvuta bahari. Mvuvi wa Lamu au wa Pemba huyajua maji ya bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi. Kutokana na hayo ni rahisi kudhani kwamba kinachoweza kuinua bahari kitamwinua na njiwa. Lakini bahari huinuka kwa kuwa ni kubwa kupita kiasi: tofauti ndogo ya mvutano kati ya upande mmoja wa dunia na mwingine hujumlika juu ya maelfu ya kilomita za maji. Kwa kitu kidogo, badiliko la uzito ni kama sehemu moja katika milioni kumi. Kwa njiwa wa gramu 450, hiyo ni sawa na miligramu 0.05, pungufu ya uzito wa chembe ya mchanga. Punje moja ya mahindi iliyomo tumboni mwake ni nzito kuliko hiyo mara maelfu.

Mwanga wa mwezi mpevu huonekana mkali kwa kuwa macho yetu yamezoea giza. Kwa kipimo, jua huuzidi mwezi mpevu kwa mwangaza takriban mara 400,000. Hata taa ya kawaida ya barabarani humulika ardhi iliyo chini yake mara kumi au zaidi kuliko mbalamwezi. Ubelgiji ni nchi inayojulikana kwa taa zake za barabarani, kiasi kwamba wanaanga huitambua usiku kutoka juu. Kizimba kilicho kando ya barabara iliyowashwa taa hupata mwanga unaouzidi wa mwezi mpevu kila usiku, mwezi uwepo usiwepo. Mfugaji anayehofia kwamba ndege wake hawalali kwa sababu ya mwezi, na aitazame kwanza taa iliyo nje ya ukuta wake.

Kuhusu usumaku, mwezi wenyewe si sumaku ya kutajika, lakini mvutano wake huitikisa anga ya juu na kuzaa mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo huugusa usumaku wa dunia kwa nanotesla chache tu. Nchini Ubelgiji, ambako usumaku hupimwa mfululizo katika kituo cha Dourbes, nguvu yake yote ni karibu nanotesla 49,000. Dhoruba inayotokana na jua inaweza kuitikisa kwa nanotesla mamia. Ikiwa njiwa anahisi misukosuko hiyo, basi sauti ya mwezi ni mnong'ono kando ya ngurumo ya jua.

Jua linapovaa sura ya mwezi

Hapa ndipo lilipo fundo la suala lote. Jua hujizungusha lenyewe, na kwa mtazamaji aliye duniani mzunguko mmoja huchukua takriban siku 27. Eneo la jua linalorusha upepo mkali wa chembe huweza kudumu kwa miezi kadhaa. Kila linapotugeukia, usumaku wa dunia hutikisika. Kwa hiyo misukosuko mingi hurudi baada ya siku 27 hivi.

Mwezi nao, kutoka mwandamo hadi mwandamo, huchukua siku 29.5. Tofauti ya mizunguko hiyo miwili ni siku mbili na nusu. Chukua mfano wa msukosuko uliotokea mwezi ukiwa mpevu mwanzoni mwa Mei. Utakaporudi, mwezi utakuwa umebakiza siku mbili na nusu kukamilika. Kwa macho, ni kama mpevu. Ukirudi mara ya tatu utakuwa umebakiza siku tano, na bado usiku una mwanga mwingi. Mfugaji anayeandika katika daftari lake ataona siku tatu mbaya, zote karibu na mwezi mpevu. Atasema mwezi ndio uliofanya, na ushahidi anao. Lakini mikono iliyotenda inaweza kuwa ya jua.

Kosa hilo hufichuka muda ukiwa mrefu. Kwa kuwa mizunguko hiyo huachana siku mbili na nusu kila mara, baada ya mizunguko kumi na miwili hivi, yaani karibu mwaka mzima, msukosuko utakuwa umepitia sura zote za mwezi. Msimu wa mbio hauna urefu huo. Ndiyo maana imani inayozaliwa msimu mmoja inaweza kuonekana imethibitika, ilhali msimu unaofuata haionekani tena.

Lipo jambo la pili, nalo ni la hesabu nyepesi. Mbio hufanyika mara moja kwa juma, na kila baada ya juma mwezi huhama karibu robo moja ya mzunguko wake. Katika msimu wa majuma ishirini, kila robo ya mwezi hupata mbio kama tano tu. Ikiwa mbili kati ya tano hizo zilikumbwa na upepo wa mbele, au joto kali, au ukungu, tayari robo hiyo itajipatia jina baya. Mbio tano hazitoshi kuuhukumu mwezi, kama vile mvua tano hazitoshi kuyahukumu majira.

Siku mbili zisizosahaulika

Juni 29, mwaka 1997, njiwa wapatao 60,000 waliachiliwa kutoka Nantes, magharibi mwa Ufaransa, katika mbio za kuadhimisha miaka mia moja ya chama cha mbio za njiwa cha Uingereza. Makumi ya maelfu hawakuonekana tena. Miaka mitatu baadaye, Jon Hagstrum, mtaalamu wa jiolojia wa Marekani, alipendekeza kwamba ndege hao walipokuwa juu ya mlango wa bahari wa Uingereza walipitiwa na mshindo wa ndege ya Concorde iliyokuwa ikitoka Paris. Kwa maoni yake, njiwa husikia mawimbi ya sauti ya chini mno ambayo sikio la binadamu haliyasikii, na mshindo huo uliwaziba masikio. Wako wataalamu wasiokubaliana naye.

Juni 19, mwaka 2021, wafugaji wa Uingereza walipata pigo jingine. Katika mbio kadhaa za siku hiyo moja, maelfu ya njiwa walichelewa au hawakurudi kabisa. Wengi walilitaja jua na misukosuko yake. Wengine walitaja hali ya hewa.

Sasa tuutazame mwezi katika siku hizo mbili. Mwaka 1997 ulikuwa kipande chembamba kinachofifia, siku tano kabla ya mwandamo mpya. Mwaka 2021 ulikuwa umetoka tu kufika nusu na ulikuwa ukikua, siku tano kabla ya kuwa mpevu. Sura hizo mbili hazifanani. Katika zote mbili mwezi haukuwa mpevu, wala haukuwa wa kiza. Mikasa miwili haithibitishi kanuni, lakini inatosha kumwonya anayedhani kwamba kalenda ya mwezi ingewaokoa ndege wale.

Ndege wanaoufuata mwezi kweli

Wako ndege ambao mwezi kwao ni jambo la chakula na uhai. Kirukanjia wa Ulaya, ambaye hutoka Sweden kila mwaka kwenda kukaa kusini ya Sahara, huwinda wadudu wakati wa magharibi na alfajiri. Mbalamwezi humwongezea muda wa kuwinda. Watafiti walioeleza uchunguzi wao mwaka 2019 waliona kwamba ndege hao hujaza miili yao mwezi unapong'aa, kisha huondoka wengi kwa pamoja siku kumi na moja hivi baada ya mwezi mpevu.

Karibu zaidi na Afrika Mashariki, katika kisiwa cha Réunion ndani ya Bahari ya Hindi, yuko ndege wa baharini aitwaye Barau, ambaye hazaliani kwingine duniani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba shughuli zake za usiku huongezeka mbalamwezi inapokuwa kubwa, na kwamba safari yake ya msimu hulingana na mwezi mpevu.

Mifano hii inatupa kipimo. Ndege anayeishi kwa mwanga wa usiku hubadilika mwezi unapobadilika, na badiliko hilo huonekana wazi, mwaka baada ya mwaka. Njiwa wa mbio hali usiku, hawindi usiku, wala hasafiri usiku kwa hiari yake. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Anayemhukumu njiwa kwa tabia za kirukanjia amemvika mbawa zisizo zake.

Mahali ambapo usiku una neno

Hata hivyo kuna mahali pawili ambapo mfugaji makini ataufikiria usiku.

Kwanza ni mbio ndefu sana. Kila mwaka katika kiangazi, njiwa huachiliwa kutoka Barcelona nchini Hispania, na kwa wale wa Ubelgiji safari ni ya kilomita 1,000 hivi au zaidi. Kwa kawaida wa kwanza hufika siku ya pili. Usiku huwakuta njiani, na kanuni za mbio huziondoa saa za giza katika hesabu, kwa kuwa ndege hutarajiwa kupumzika. Wachache huendelea kuruka jua likishatua. Kwamba njiwa anaweza kufundishwa kuruka gizani si siri: jeshi la Marekani liliwahi kuwafunza njiwa wake kazi hiyo kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Kwa ndege aliyechelewa jioni, mbalamwezi inaweza kumsaidia kuuona mlima au mto. Lakini hapo mwezi unafanya kazi ya taa, wala si ya nguvu iliyojificha, na wingu moja linatosha kuuzima.

Pili ni mwanga katika kizimba. Wafugaji wengi wa Ubelgiji huwafungia makinda gizani kuanzia saa za alasiri hadi asubuhi, kwa majuma mengi ya majira ya kuchipua. Mwili wa njiwa husoma urefu wa mchana, na mchana ukiwa mfupi, kunyonyoka kwa manyoya huchelewa. Kinda huingia katika mbio za kiangazi akiwa na mbawa kamili. Njia hiyo hufanya kazi, na inaonyesha kwamba mwanga una nguvu kubwa juu ya njiwa. Lakini kinachotawala ni saa nyingi za mwanga wa mchana, na katika kizimba kilichofunikwa namna hiyo mbalamwezi haina hata ufa wa kupitia.

Gharama ya kuulaumu mwezi

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani mfugaji akiutazama mwezi, ikiwa haudhuru? Ubaya uko katika yale anayoacha kuyatazama. Kalenda ikimwambia kwamba leo ni siku njema, anaweza kuwaachilia makinda wake siku ya joto kali na upepo wa mbele. Kalenda ikimwambia kwamba mwezi ndio uliowapoteza, hatajiuliza kama ndege walikuwa na ugonjwa, kama walikunywa maji ya kutosha ndani ya lori, au kama hatua ya mazoezi kutoka kilomita 20 hadi 80 ilikuwa kubwa mno kwao. Njiwa aliyepotea hulipa kwa njaa, kwa kiu, au kwa makucha ya kipanga.

Anayetaka kuujua ukweli wa kizimba chake ana njia isiyo na gharama. Na aandike kila safari: tarehe, saa ya kuachiliwa, umbali, upepo, mawingu, joto, idadi ya waliotoka na ya waliorejea, na hali ya usumaku, ambayo vituo vya vipimo huitangaza kila siku. Aandike na sura ya mwezi pia, ila aiandike kabla ya mbio, wala si baada ya kupata hasara. Afanye hivyo kwa miaka mitatu au minne, bila kuziacha siku zilizokwenda vizuri, maana kumbukumbu ya binadamu huhifadhi misiba na kuitupa mikutano salama.

Huenda siku moja utafiti mpana ukaonyesha kwamba ile alama iliyoonekana Ithaca mwaka 1978 ilikuwa ya kweli. Hata ikiwa hivyo, itakuwa ni suala la nyuzi chache za mwelekeo mwanzoni mwa safari. Kwa sasa, mambo yanayoamua kama njiwa atarudi ni yale yale yanayoonekana mchana: jua, upepo, mawingu, afya ya ndege, na busara ya yule aliyeshika mlango wa kikapu.